Magari ya zamani ya porini: petroli au dizeli?

Kwa zaidi ya nusu karne, Land Rover na Toyota Land Cruiser ndiyo magari yaliyowafikisha waganga, wakaguzi wa shule na watalii mahali ambapo lami haikufika. Mengi kati yake yangali yakitembea Afrika Mashariki, na baadhi hununuliwa kwa fedha zinazotumwa na jamaa walio ughaibuni.

Swali la kwanza la mnunuzi huwa ni moja: linakula mafuta kiasi gani? Jibu lililozoeleka ni kwamba dizeli ndiyo nafuu. Jibu hilo ni sahihi kwa hesabu ya lita, lakini si sahihi kila mara kwa hesabu ya fedha.

Yalianza kwa petroli

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam, Uholanzi, mwezi Aprili 1948, ikiwa na injini ya petroli ya lita 1.6. Injini ya dizeli ilikuja mwaka 1957.

Toyota nayo ilitoa Land Cruiser FJ40 mwaka 1960, kwa injini ya petroli ya silinda sita na ukubwa wa karibu lita 3.9. BJ40, yenye dizeli ya lita 3, ilifuata mwaka 1974, miezi michache tu baada ya bei ya mafuta duniani kupanda mara nne. Tangu hapo ulaji wa mafuta haukuwa tena jambo la kupuuzwa.

Kwa nini dizeli hula kidogo

Sababu ni tatu. Kwanza, dizeli ni nzito zaidi, na lita moja yake ina nishati inayoizidi ya petroli kwa zaidi ya asilimia 10.

Pili, injini ya dizeli hubana hewa kwa nguvu zaidi kabla ya mafuta kuwaka. Land Rover ya petroli ya lita 2.25 ilibana kwa uwiano wa 7 au 8 kwa 1. Ya dizeli yenye ukubwa huohuo ilibana kwa 23 kwa 1. Kadiri mbano unavyokuwa mkubwa, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya joto inavyogeuka kuwa mwendo.

Tatu, injini ya petroli hupunguziwa nguvu kwa kuzibiwa hewa. Gari likiwa kwenye foleni, injini hutumia nguvu kuvuta hewa kupitia upenyo mdogo. Dizeli ya zamani kwa kawaida haina kizuizi hicho. Hupunguziwa mafuta tu. Ndiyo maana tofauti huonekana zaidi kwenye mwendo wa polepole.

Lita kwa kilomita

Land Rover ya zamani ya petroli, ikiwa nzima na kwenye lami, kwa kawaida hutumia lita 16 hadi 19 kwa kilomita 100. Ya dizeli hutumia lita 11 hadi 13. Land Cruiser ya miaka ya 1990 yenye petroli ya lita 4.5 hutumia lita 17 hadi 20. Yenye dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo hutumia lita 11 hadi 14.

Kwenye matope au mchanga, kwa gia nzito, viwango hivyo hupanda sana kwa magari yote. Keria iliyojaa mizigo, matairi mapana, upepo mdogo na chujio la hewa lililoziba huongeza ulaji.

Mwinuko nao una athari. Kabureta iliyorekebishwa Mombasa, ufukweni, humwaga petroli kupita kiasi gari likifika Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya bahari, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Dizeli isiyo na turbo huko hutoa moshi mweusi, ambao ni mafuta yasiyoungua yote.

Hesabu ya fedha

Chukua gari la petroli linalokula lita 18 na la dizeli linalokula lita 12. Kwa mwendo wa kilomita 20,000 kwa mwaka, dizeli huokoa lita 1,200. Kwa kilomita 4,000 tu, huokoa lita 240.

Akiba hiyo ndogo inaweza kumezwa na matengenezo. Pampu ya dizeli na nozeli zinazopuliza mafuta ndani ya silinda ni vipuri vya gharama, na huharibiwa upesi na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo hayalainishi pampu ipasavyo. Ni kwa ajili ya kuzuia uchanganyaji huo Kenya iliweka mwaka 2018 tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Kabureta na plagi, kwa upande wake, hurekebishwa na fundi yeyote kwa gharama ndogo.

Hivyo anayetaka kung'oa injini ya petroli na kutia ya dizeli agawe gharama ya kazi hiyo kwa akiba ya kila kilomita. Jibu likiwa kubwa kuliko kilomita atakazotembea kwa miaka mitano, ni bora aibakishe injini aliyonayo.

Kwa walio ughaibuni

Nchini Uingereza, dizeli kwa miaka mingi imekuwa ghali kuliko petroli. London, tangu Agosti 2023, gari lisilokidhi viwango vya moshi hulipa pauni 12.50 kwa siku katika mitaa yote ya jiji. Gari la petroli la mwaka 2006 kwa kawaida husamehewa, ilhali la dizeli la mwaka 2012 hulipa. Magari yaliyopita miaka 40 husamehewa.

Anayefikiria kulipeleka gari nyumbani akumbuke kuwa Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, na Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Mara nyingi njia iliyobaki ni kununua gari ambalo tayari liko huko.

Jinsi ya kupima

Neno la muuzaji si kipimo. Jaza tangi hadi mdomoni, andika kilomita, endesha angalau kilomita 300, kisha jaza tena kwenye pampu ileile. Gawa lita zilizoingia kwa kilomita, zidisha kwa 100. Matairi yakiwa makubwa kuliko ya asili, kipimo cha kilomita husoma pungufu, na gari huonekana mlafi kuliko lilivyo.

Dizeli ya zamani inayozidi lita 16 kwenye lami, au petroli inayozidi 22, ina ugonjwa. Fundi na alitazame kabla fedha haijatoka mkononi.