Anatomia: Somo ambalo daktari hufunzwa na marehemu

MWANAFUNZI wa udaktari hukaa muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kumtibu mgonjwa. Kwanza hana budi kuujua mwili wenyewe: kila kiungo kiko wapi, kimeundwa vipi na kimepakana na nini. Elimu hiyo ndiyo anatomia. Katika shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoanza mwaka wa 1967, somo hili hufunzwa tangu mwaka wa kwanza.

Anatomia ina matawi manne makuu. La kwanza huhusu viungo vinavyoonekana kwa macho. Wanafunzi hugawanywa katika makundi, na kila kundi hupewa maiti iliyohifadhiwa kwa fomalini. Kwa miezi kadhaa huipasua sehemu baada ya sehemu: mikono, miguu, kifua, tumbo, nyonga, shingo na kichwa. Hujifunza mifupa 206 ya mtu mzima, misuli inayozidi 600, mishipa ya damu na neva.

Tawi la pili ni histolojia, ambapo tishu huchunguzwa kwa hadubini. Daktari hawezi kutambua saratani katika kipande cha nyama kilichotolewa kwenye uvimbe iwapo hajui tishu isiyo na ugonjwa ilivyo.

La tatu ni embriolojia, elimu ya ukuaji wa mtoto tumboni. Hapa mwanafunzi hujifunza kwamba mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga takriban wiki nne baada ya mimba kutungwa. Usipofunga sawasawa, mtoto aweza kuzaliwa na mgongo wazi. Kwa kuwa wakati huo wanawake wengi hawajatambua kuwa ni wajawazito, hushauriwa kuanza kumeza asidi ya foliki kabla ya kushika mimba.

Tawi la nne hushughulikia ubongo, uti wa mgongo na neva. Upande wa kushoto wa ubongo ndio huongoza upande wa kulia wa mwili. Hivyo, mgonjwa wa kiharusi aliyepooza mkono wa kulia na kupoteza usemi, aghalabu ameathirika upande wa kushoto wa ubongo.

Ujuzi huu si wa kupitia mtihani tu. Neva ya siatiki, iliyo nene kuliko zote mwilini, hupitia takoni kuelekea mguuni. Sindano ikichomwa mahali pasipofaa, mtoto aliyepelekwa zahanati kwa homa aweza kurudi nyumbani akichechemea, pengine maishani. Ndiyo sababu anayedunga sindano ya tako hufunzwa kulenga robo ya juu, upande wa nje. Hali kadhalika, neva inayoongoza sauti hupita nyuma ya tezi ya shingo, na mpasuaji wa rovu asipoitambua aweza kumwacha mgonjwa na sauti ya kukwaruza.

Je, maiti hizo hutoka wapi? Sheria ya Anatomia ya Kenya humruhusu mtu kuusia mwili wake utumiwe kwa mafunzo. Hata hivyo, wanaofanya hivyo ni wachache, na kwa muda mrefu vyuo vimetegemea zaidi miili iliyokosa wa kuidai katika vyumba vya kuhifadhia maiti.

Kwa hivyo wanafunzi huagizwa kuiheshimu miili hiyo: hawaipigi picha, hawaifanyii mzaha wala hawaiachi wazi bila sababu. Siku hizi tarakilishi huonyesha viungo kwa picha za kuvutia, lakini picha moja haiwezi kuonyesha jinsi mishipa ya mtu mmoja inavyotofautiana na ya mwingine.

Mgonjwa anayepona baada ya upasuaji humshukuru daktari, na ni haki yake. Lakini daktari huyo naye ana deni kwa mtu ambaye huenda hakupata hata jamaa wa kumzika.