Shule Ndogo na Safari Ndefu

Wazee husema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Neno hili hutumiwa zaidi kwa malezi ya nyumbani, lakini ukilipima kwa historia ya nchi yetu utaona kuwa linafaa shule pia. Katika insha hii natutazame nchi iliyo karibu na Mlima Elgon, kutoka Kitale mpaka Bungoma, tuone jinsi shule chache na ndogo zilivyowatayarisha vijana kwa masomo ya juu, na jinsi kazi hiyo ilivyozidi kuwa ngumu shule zilipokuwa nyingi.

Miji hii miwili haiko mbalimbali sana, lakini zamani za ukoloni ilikuwa kama dunia mbili. Kitale ulikuwa mji wa walowezi wa Kizungu. Reli ilifika huko mwaka 1926 ili kuchukua mazao ya mashamba yao makubwa, na shule ya serikali iliyokuwa mjini ilikuwa ya watoto wao. Mwafrika aliyeishi shambani kama skwota alimpatia mwanawe, akibahatika, shule ya shamba yenye madarasa machache. Bungoma nayo ilikuwa katika nchi iliyotengewa Waafrika. Wamisheni wa Kanisa la Marafiki walifika Kaimosi mwaka 1902, kisha wakasonga kaskazini hadi Lugulu. Wakatoliki nao wakajenga Kibabii. Shule zilikuwako, lakini kwa miaka mingi zilikuwa za chini. Mvulana wa Kimilili aliyetaka masomo ya sekondari alipaswa kwenda Kakamega, Yala au Maseno, au mbali zaidi hadi Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926.

Tena njia yenyewe ilifanywa kuwa nyembamba. Kwa mpango wa Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949, masomo ya Mwafrika yaligawanywa katika ngazi tatu za miaka minne minne, na mlango wa kila ngazi ulilindwa na mtihani. Wengi walirudishwa nyumbani baada ya darasa la nne, wakiwa bado wadogo hata kutambua walichopoteza.

Masinde Muliro, aliyezaliwa mwaka 1922, ni mfano wa urefu wa safari hiyo. Ili apate shahada alikwenda mpaka Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, nchi ambayo wakati huo ilikuwa ikizidi kukaza sheria za ubaguzi. Aliporudi alifanya kazi ya ualimu, na kwa muda alifundisha katika chuo cha walimu cha Siriba. Mwaka 1957 aliiweka chaki chini, akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Ndipo hakuwa tena mwalimu wa darasa moja, bali msemaji wa watu wengi.

Mwaka huohuo wa 1957, karibu na Kimilili, ilifunguliwa shule ya sekondari ya Kamusinga chini ya Kanisa la Marafiki, na mwalimu mkuu wake wa kwanza alikuwa Allan Bradley. Sasa kijana wa nchi ile aliweza kusoma mpaka cheti cha Cambridge akiwa karibu na kwao.

Shule ya bweni ya siku zile ilikuwa na siri gani? Si majengo. Wanafunzi walikuwa wachache, na mwalimu aliishi palepale uwanjani. Alimjua kila mmoja kwa jina, akajua pia ni nani aliyelipiwa karo kwa ng'ombe wa mwisho. Mkubwa alimwongoza mdogo bwenini. Na mtihani ulipokwisha, kazi ya mwalimu haikuisha: aliandika barua kwenda Makerere, au kwenda vyuo vya ng'ambo. Ndege ya kwanza ya wanafunzi, iliyopangwa na Tom Mboya mwaka 1959, ilichukua vijana 81 kwenda Marekani. Kijana wa mkulima hangeweza kuigundua njia hiyo peke yake. Alihitaji mtu wa kumwonyesha.

Lakini tusidanganyike kwa kuzisifu siku hizo. Shule zilikuwa ndogo kwa sababu wengi walifungiwa nje. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1963 ilikuwa na shule za sekondari 151 tu. Wazazi hawakungoja. Walichanga mahindi, kuku na shilingi, wakajenga shule za Harambee. Mlango ukapanuka, ila nyingi za shule hizo hazikuwa na maabara wala walimu wa kutosha. Mwaka 2008 serikali iliondoa ada ya masomo katika sekondari za kutwa, na tangu mwaka 2018 ikataka kila amalizaye shule ya msingi aendelee. Hayo ni mema, lakini yalizaa shida mpya.

Niliiona kwa macho yangu. Nilikwenda kumkagua mwanachuo wetu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya kutwa mjini Kitale. Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya sabini. Somo lilikwenda vizuri. Nje, nilimwuliza jina la mvulana aliyekaa nyuma karibu na dirisha. Hakulijua. Sikuweza kumlaumu, kwa kuwa nami nilipoanza kazi sikuyajua ya wengi. Tukarudi ndani, tukamwuliza mvulana anataka kuwa nani. Akajibu kwamba hajawahi kuulizwa.

Jibu lile ndilo linalonifanya niandike. Leo Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopewa hati yake mwaka 2015, kiko papo hapo Bungoma, na kule Kakamega kuna chuo kikuu chenye jina la Muliro mwenyewe. Safari iliyompeleka Cape Town sasa ni ya saa chache kwa matatu. Hata hivyo mlango ulio karibu haumfai asiyeambiwa kuwa ni wake.

Hatuwezi kurudi kwenye shule za wachache, wala haifai. Twaweza kuuchukua moyo wake tu: kila mwalimu awe mlezi wa wanafunzi kumi au kumi na wawili, awajue kwa majina na kwa haja zao; na kila mwanafunzi wa kidato cha juu amshike mkono mmoja wa chini. Nawe msomaji, usingoje mwalimu. Yupo mwenzako akaaye nyuma karibu na dirisha. Muulize anataka kuwa nani.