Hatamu na Pua Iliyojificha

Kisiwa cha Mafia kina vichwa. Kaskazini kabisa, penye mnara wa taa, iko Ras Mkumbi. Upande wa magharibi, pale ambapo bahari imekula sehemu kubwa ya mji wa kale, iko Ras Kisimani. Rasi ni neno tulilopata kwa Waarabu, na kwao maana yake ya kwanza ni kichwa. Mabaharia wa kaskazini ya mbali walipoona nchi kavu imechomoza baharini namna hiyohiyo, wao waliona pua. Ndiyo maana pwani ya Uingereza ina majina kama Sheerness na Dungeness, ambayo kipande chake cha mwisho kina undugu na neno lao la pua. Urusi nayo ina Kanin Nos, rasi iliyoingia kwenye Bahari ya Barents, na jina hilo ukilifasiri kama lilivyo ni Pua ya Kanin. Kwa Mrusi hata sehemu ya mbele ya chombo cha baharini ni pua. Sisi tunaiita omo, na omo haina uhusiano wowote na uso wa mtu.

Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu nahau za viungo vya mwili, na kwa karibu mwaka mzima nimekuwa nikikusanya pua. Moyo na ini vimeshaandikwa sana. Macho na mkono ndiyo usiseme. Pua imebaki peke yake katikati ya uso, na nadhani sababu ni kwamba Kiswahili chenyewe hakiitumii sana. Ukitaka kuona pua inafanya kazi kweli, sharti uende Moscow.

Mimi nilifika Moscow bila kutoka Kilindoni, kwa njia ya kamusi ya mjomba wangu. Ni Kamusi ya Kiswahili na Kirusi iliyohaririwa na Dmitri Olderogge na kuchapishwa Moscow mwaka 1961. Leningrad walikuwa wakifundisha Kiswahili tangu miaka ya 1930, wakati ambapo watu wengi wa huko hawakuwahi kumwona Mswahili hata mmoja. Baadaye mambo yalikwenda haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Redio Moscow ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili. Mwaka 1960 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Vitabu vya Kisovieti vilivyofasiriwa kwa Kiswahili vikauzwa Dar es Salaam kwa bei ya karanga. Vijana wa Kitanzania wakapanda ndege kwenda kusomea udaktari, uhandisi na kilimo. Mjomba alikuwa mmoja wao. Aliondoka mwaka 1979 kwenda kusomea uvuvi, akarudi mwaka 1985 na mke mmoja wa Kizaramo aliyekutana naye hukohuko kwenye baridi, koti zito ambalo halijawahi kuvaliwa tena, na misemo.

Msemo wake mkubwa ulikuwa "usitundike pua." Ukifeli mtihani, usitundike pua. Nazi zikishuka bei, usitundike pua. Nyumbani kwetu kila mtu alijua kwamba huo ni Urusi mtupu, na kila mtu aliutumia. Kwa Kirusi kutundika pua, *povesit nos*, ni kufa moyo, na ukiutazama uso wa mtu aliyekata tamaa utakubali kwamba wameona jambo: kichwa kinashuka, na kinachotangulia kuelekea chini ni pua. Kinyume chake, *zadirat nos*, kuinyanyua pua juu, ni kuringa. Anayesinzia kwenye kiti anadonoa kwa pua kama kuku. Jambo lililokaribia kutokea, mtihani kwa mfano, liko puani. Kitu kidogo sana ni sawa na pua ya njiwa. Mambo ya watu usiyahusike nayo, la sivyo umechomeka pua.

Sikushangaa hata kidogo, basi, kwamba hadithi ya ajabu kuliko zote za Kirusi inahusu kiungo hiki. Nikolai Gogol aliichapisha mwaka 1836, katika jarida la Pushkin, na kuiita *Pua* tu. Afisa mmoja wa Petersburg anaamka asubuhi na kukuta pua yake haipo. Anapoikuta mjini imevaa sare ya cheo kikubwa kuliko chake, na inamkana. Kwa msomaji wa Kirusi aliyezoea kwamba pua ndiyo inayopanda na kushuka pamoja na hadhi ya mtu, kichekesho hicho kilikuwa kimeshajengwa nusu na lugha yenyewe.

Kuna pua mbili za Kirusi ambazo wataalamu wengi wa maneno wanasema si pua. *Zarubit na nosu*, kujikata chale puani, ni kukumbuka jambo usilisahau kamwe. Linatisha, lakini maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba *nos* hapo kilikuwa kijiti ambacho mtu asiyejua kusoma alitembea nacho, akikikata alama za madeni na siku za kazi. Neno linatokana na kitenzi cha kubeba. Vilevile *ostatsya s nosom*, kubaki na pua, maana yake kuambulia patupu, na pua hiyo inaelezwa kuwa ni kitu kilichobebwa kupelekewa mkubwa ili ashughulikie jambo lako. Akikikataa, unarudi nacho nyumbani. Kwetu Kilindoni tungeiita chai. Mtu aliyekwenda ofisini na chai yake akarudishwa nayo amebaki na pua, na mimi naona Kiswahili kingefaidika kuuazima msemo huu kesho asubuhi.

Waingereza sitawakalia sana. Wao pia huinua pua kwa dharau na kuichomeka pasipowahusu, na kitu kilicho mbele ya macho yako usikione wanasema kiko chini ya pua yako. Wana mmoja ninaoupenda: kujikata pua ili kuukomoa uso. Na wakiuziwa kitu ghali mno, wanasema wamelipa kupitia puani. Utasimuliwa kwamba huo ulitokana na Wadenmaki waliowapasua pua Wairishi wasiolipa kodi. Ni kisa kitamu na hakina ushahidi.

Sasa rudi kwetu utazame. Dharau haikai puani, inakaa mdomoni: mtu anabetua midomo au anafyonza. Anayejiingiza pasipomhusu ana kidomodomo, au kiherehere, au kimbelembele. (Siku hizi nasikia "kuingiza pua" kwenye habari za siasa, na bado inanuka tafsiri.) Anayekata tamaa amekufa moyo. Majivuno yanapanda kichwani. Jambo lililokaribia linabisha hodi. Hata mto ambao Mwingereza anaupa mdomo sisi tunaupa mlango, na Mrusi yuko upande wa Mwingereza, kwani neno lake la mahali mto unapoingilia baharini limetokana na neno la kale la mdomo.

Mfano wa ukaribu ndio uliobaki puani. Nyumba mbili zilizokaribiana sana ni pua na mdomo. Mafia na milango ya Rufiji zinatazamana hivyo, kwa maana ya baharia. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilikimbilia katika milango hiyo baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar mwezi Septemba 1914. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915, wakatengeneza uwanja wa ndege hapa ili kuiona manowari hiyo kutoka juu ya mikoko, na bado wakahitaji miezi sita mpaka kuimaliza, tarehe 11 Julai. Miezi sita, pua na mdomo.

Lakini nahau ya pua ambayo Mswahili anaimiliki kweli ni nyingine: kutokea puani. Bibi yangu aliitamka kwa upole wa kutisha. Ukila cha mwenzio, kitakutokea puani. Aliyewahi kucheka huku anakunywa dafu anajua njia hiyo ilivyo na anajua inavyochoma. Kilichoingia kitamu kupitia mdomoni kinarudi kupitia mlango usio wake, mbele ya watu, na hakuna namna ya kukificha. Mrusi na Mwingereza wanatumia pua kwenda mbele, kunusa, kupekua, kuringa. Kwetu ni mahali pa malipo. Mwaka 1983 serikali ilipowasaka waliowaita wahujumu uchumi, watu wakaogopa kukutwa na katoni za sabuni na magunia ya sukari ndani, bibi anasema msemo huo ulisikika kila baraza. Wapo waliousema kwa furaha. Wapo waliousema kwa kuwaonea huruma wenye duka mtaani, kwa sababu wenye duka hao hawakuwa wakubwa, na wakubwa hawakuonekana kutokwa na chochote puani.

Upo msemo mmoja ambao lugha zote mbili zinao na ambao nilidhamiria kuufanya kiini cha sura yangu ya tatu: kumwongoza mtu kwa pua. Kwa Kiingereza maana yake ni kumtawala mtu kabisa, na katika *Othello* Shakespeare anamfanya Iago ajigambe kwamba Othello ataongozwa hivyo kama punda. Kwa Kirusi, *vodit za nos*, ni kumdanganya, kumzungusha kwa ahadi. Husemwa kwamba asili yake ni dubu wa kwenye magulio, aliyetobolewa pua na kutiwa pete, akachezeshwa kwa kamba mbele ya watu. Dubu ana nguvu kuliko bwana wake mara kumi, lakini pua inauma.

Kwa Kiswahili nilitafuta na sikupata. Kumdanganya mtu ni kumchezea shere, kumpiga chenga, kumvika kilemba cha ukoka. Tunayo shemere, kamba ya puani mwa ng'ombe, lakini hakuna anayesema fulani ametiwa shemere akimaanisha ametapeliwa. Nilikuwa tayari kuandika kwamba nahau hiyo haipo.

Kisha nikafungua kamusi ya mjomba kwenye herufi H kutafuta neno jingine kabisa, nikakuta pembeni ya *hatamu* amechora mstari kwa penseli na kuandika kwa herufi za Kirusi: *nos*, na alama ya kuuliza.

Hatamu tunaijua. Ni mkanda wa kumwongozea farasi, na kwa kuwa farasi si mnyama wa huku, wengi wetu tunaijua kwa jambo moja tu: kushika hatamu za uongozi. Mwaka 1975 Katiba ilirekebishwa ili itamke kwamba shughuli zote za siasa nchini zitafanywa na chama au chini ya uangalizi wa chama. Februari 1977 TANU na ASP zikaungana kuwa CCM. Kauli iliyotanda miaka ile, kwenye mikutano, redioni na kwenye kuta, ilikuwa "Chama Kushika Hatamu." Ilitamkwa kwa fahari. Watoto waliiimba shuleni.

Sasa nenda kwenye Kiarabu tulikolitoa neno hilo. *Khitam* ni kamba anayofungwa ngamia puani ili aongozwe, na shina lake linahusu pua ya mnyama. Unguja ngamia waliwahi kuwa kitu cha kawaida, wakizungushwa kutwa kwenye vinu vya kukamulia mafuta ya ufuta, kwa hiyo lugha haikulipata neno hili vitabuni peke yake. Pua ilikuwemo ndani tangu mwanzo. Ilipofika kwenye bango la chama ilikuwa haina harufu tena. Picha ambayo kwa Mwingereza ni ya unyonge na kwa Mrusi ni ya utapeli, kwetu ikawa picha ya uongozi bora, na anayetazamwa katika picha hiyo ni mshika kamba. Aliye upande wa pili wa kamba hatajwi.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba aliyetunga kauli ile alikuwa na ngamia akilini, wala kwamba maneno hutawaliwa na asili zake. Wengi walioipigia makofi waliamini, na walikuwa na sababu za kuamini: shule, zahanati, kisomo cha watu wazima. Mafia yenyewe ilikuwa imeshazoea kamba ikibadilisha mikono bila kuulizwa. Mkataba wa 1890 uliiweka chini ya Wajerumani, vita vikaileta kwa Waingereza, na mwaka 1922 ikaunganishwa na Tanganyika. Chama angalau kilikuwa na tawi hapa na mwenyekiti ambaye watu walimjua kwa jina la baba yake.

Nilimpelekea mjomba kamusi yake nikamwonyesha penseli ile.

"Shikamoo mjomba. Hii uliandika lini?"

"Marahaba. Hiyo?" Alivaa miwani. "Themanini na tatu. Bwenini. Mwarabu mmoja wa Yemen tuliyekaa naye chumba kimoja ndiye aliyeniambia habari ya ngamia. Wiki hiyo nilipata barua ya bibi yako, anasema kwenye duka la ushirika hakuna sabuni mwezi wa pili, na Redio Moscow ikasoma salamu za chama."

"Ukacheka?"

"Nilimfasiria yule Myemeni kauli yetu. Yeye ndiye aliyecheka." Akafunua kurasa chache, akipapasa maneno kwa kidole kama mtu anayetafuta pesa aliyoisahau kitabuni. "Mimi niliweka alama ya kuuliza."

Nikamuuliza kama naweza kuitumia katika tasnifu. Akasema niitumie, ila nimrudishie kamusi kabla ya Idi, kwa sababu ndani yake ameandika pia namba za watu.