Burundi: Kila Upande na Mwaka Wake

Mwulize Mrundi mauaji yalianza lini, atakutajia mwaka. Mmoja atasema 1972, mwingine 1993, na wote wawili wana makaburi ya kukuonyesha. Katika nchi hiyo ndogo iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, kisasi kimeishi zaidi ya nusu karne kwa sababu kila aliyeshika panga au bunduki aliamini kwamba anadai deni lake. Na karibu kila mara, aliyelipishwa hakuwa mdaiwa.

Oktoba 13, 1961, Mwanamfalme Louis Rwagasore, ambaye chama chake kilichowakusanya Wahutu na Watutsi kilikuwa kimeshinda uchaguzi mwezi uliotangulia, alipigwa risasi akafa mkahawani mjini Usumbura, ambao sasa ni Bujumbura. Januari 1965 akauawa Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe, Mhutu, siku chache tu baada ya kuteuliwa. Aliyeshukiwa alikuwa mkimbizi wa Kitutsi kutoka Rwanda. Machungu ya Rwanda ya 1959, Watutsi walipoanza kufukuzwa, yalikuwa yamekwisha kuvuka mpaka.

Kisha ukaja 1972. Aprili 29, waasi wa Kihutu walivamia Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi kwa mamia. Waasi hao wangeweza kusakwa na kuhukumiwa. Badala yake, serikali ya Rais Michel Micombero ikawageukia Wahutu waliosoma, hata wale wa mikoa ambayo waasi hawakuifikia: walimu, wauguzi, makarani, mapadri. Wanafunzi wa sekondari waliitwa kwa majina darasani, wakapakiwa kwenye malori, wasirudi tena. Katika miezi michache walikufa watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Kulikuwa na hasara nyingine: kwa miaka mingi walikuwapo wazazi wa Kihutu waliokataa kupeleka watoto shule, kwani walikuwa wameona kusoma kunavyoua.

Mwaka 1973, Watutsi wa Rwanda walifukuzwa shuleni na makazini, wakilipishwa yale yaliyotendwa Burundi. Wahutu wa Burundi waliokimbilia Tanzania walipewa mapori wayafyeke, Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba na Mishamo huko Mpanda. Walilima mahindi na tumbaku, watoto wao wakakua wakisema Kiswahili, lakini simulizi za 1972 hazikukoma. Mwaka 1980, hapohapo Mishamo, Rémi Gahutu alianzisha Palipehutu, chama ambacho baadaye kiliingia msituni.

Melchior Ndadaye, Mhutu, naye alikuwa amekimbilia Rwanda akiwa mwanafunzi. Aliapishwa kuwa Rais Julai 1993, wanajeshi wa Kitutsi wakamuua Oktoba 21. Siku ileile, huko Kibimba, wanafunzi wa Kitutsi walichomwa moto katika kituo cha mafuta. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa 1972. Jeshi nalo likaingia milimani kulipiza kwa wakulima wa Kihutu, na vita vilivyofuata vikaua watu wapatao 300,000. Pierre Nkurunziza, ambaye baba yake, mbunge, aliuawa 1972, aliacha kufundisha chuo kikuu akaingia vitani mwaka 1995. Miaka kumi baadaye alikuwa Rais.

Aprili 30, 1997, wapiganaji waliingia seminari ndogo ya Buta, kusini, wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana walikataa. Wakauawa 40. Vitabu vya historia vinajaza kurasa kwa marais na makamanda. Mimi ningependa watoto wa Kigoma, Bukavu na Bujumbura wajue kwanza habari za vijana hawa, kwa sababu wao walikataa hesabu yenyewe.

Mwalimu Nyerere alisuluhisha hadi alipofariki Oktoba 1999, Mandela akaendeleza, na mkataba ukatiwa saini Arusha Agosti 28, 2000. Ulileta jeshi la nusu kwa nusu kati ya Wahutu na Watutsi. Kuhusu wafu haujatuliza mzozo. Mwaka 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua huko Karuzi mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Baadhi walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari zao. Desemba 2021 tume hiyo ikatamka kuwa ya 1972 yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu. Tume ya Umoja wa Mataifa ilikuwa imesema mwaka 1996 kwamba vitendo vya mauaji ya kimbari vilifanyika dhidi ya Watutsi Oktoba 1993. Ushahidi upo kwa yote mawili, na inauma kuwasikia wanasiasa wakiushika mmoja ili kuuzima mwingine.

Nkurunziza alipong'ang'ania muhula wa tatu mwaka 2015, watu zaidi ya 400,000 waliikimbia nchi, wengi wao wakivuka kuja Kigoma. Miongoni mwao walikuwamo watu waliozaliwa ukimbizini Tanzania na kurudi kwao wakiamini mambo yamekwisha.