Nafasi ya raia katika vikao vya Bunge kuhusu usalama na sera za kigeni

KILA mara Karani wa Bunge anapotangaza magazetini kwamba kamati itapokea maoni kuhusu mkataba wa kijeshi, uteuzi wa mabalozi au kutumwa kwa vikosi ng'ambo, Wakenya wengi hugeuza ukurasa. Huyahesabu mambo hayo kuwa ya wakubwa, yasiyomhusu mkulima wala mchuuzi.

Dhana hiyo ni potovu. Ni katika vikao hivyo ambapo huulizwa mtoto wa nani atapelekwa vitani, kwa fedha za nani, na iwapo askari wa kigeni akimdhuru mwananchi atashtakiwa katika mahakama gani. Makala haya yanaeleza jinsi vikao hivyo vinavyoendeshwa, mamlaka yake na mipaka yake.

Katiba inasema nini

Chini ya Katiba ya zamani, Rais aliteua mabalozi bila kuhitaji idhini ya wabunge. Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 ilibadilisha hali hiyo. Kifungu cha 132 kinamtaka Rais apate kibali cha Bunge la Kitaifa kabla ya kuwateua mabalozi na mabalozi wakuu.

Kuhusu usalama, kifungu cha 238 kinatamka bayana kwamba usalama wa taifa uko chini ya mamlaka ya Katiba na Bunge. Kifungu cha 239 nacho kinaviweka vyombo vyote vitatu vya usalama, yaani Majeshi ya Ulinzi (KDF), Idara ya Ujasusi (NIS) na Huduma ya Polisi, chini ya utawala wa kiraia.

Baraza la Usalama wa Taifa lina wanachama tisa: Rais, naibu wake, mawaziri wa Ulinzi, Mashauri ya Kigeni na Usalama wa Ndani, Mwanasheria Mkuu, Mkuu wa Majeshi, mkurugenzi wa NIS na Inspekta Jenerali wa Polisi. Baraza hilo hutakiwa kuliarifu Bunge kila mwaka kuhusu hali ya usalama. Aidha, ni sharti lipate idhini ya Bunge kabla ya kutuma vikosi vya taifa nje ya nchi kulinda amani, au kukubali vikosi vya kigeni kuwekwa humu nchini.

Msomaji atofautishe mambo mawili hapa. Kifungu cha 240, kinachohusu safari za nje, hutaja Bunge, maana yake mabunge yote mawili. Kifungu cha 241, kinachohusu KDF kutumwa ndani ya nchi kutuliza ghasia, hutaja Bunge la Kitaifa pekee.

Kamati zinazohusika

Katika Bunge la Kitaifa lililochaguliwa 2022, mzigo huu umegawanywa baina ya kamati mbili. Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Mahusiano ya Kigeni hushughulikia jeshi, majasusi, mikataba na mabalozi. Kamati ya Utawala na Usalama wa Ndani hushughulikia polisi na wizara yao. Seneti ina kamati moja inayounganisha usalama wa taifa, ulinzi na mahusiano ya kigeni.

Kifungu cha 125 kinazipa kamati hizi mamlaka sawa na ya Mahakama Kuu: kumwita mtu yeyote, kumwapisha na kumlazimisha kuleta stakabadhi. Anayekaidi wito anaweza kutozwa faini ya hadi Sh500,000.

Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge lifanye kazi zake hadharani. Umma na wanahabari hawawezi kufungiwa nje isipokuwa Spika aridhike kwamba kuna sababu za kipekee. Hapa ndipo penye mvutano wa kudumu, kwani maafisa wa usalama hupendelea faragha.

Mafunzo ya miaka iliyopita

Oktoba 2011 wanajeshi wa Kenya waliingia Somalia katika Operesheni Linda Nchi. Bunge liliidhinisha kujumuishwa kwao katika kikosi cha Muungano wa Afrika, AMISOM, mnamo Desemba mwaka huo, wakati ambapo vita vilikuwa vimeshaanza. Wabunge walibaki kujadili jambo lililokwisha kutendeka.

Baada ya magaidi kuua watu 67 katika jumba la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, kamati mbili za Bunge zilifanya uchunguzi wa pamoja. Ripoti yao ilikataliwa na wabunge wenzao Machi 2014. Hadi leo yako maswali kuhusu tukio hilo ambayo hayajapata jibu rasmi.

Suala la Haiti lilikuwa na mkondo tofauti. Oktoba 2023 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikubali kikosi kitakachoongozwa na Kenya. Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, Prof Kithure Kindiki, aliiambia kamati kwamba polisi hawangeondoka kabla ya fedha kupatikana. Bunge la Kitaifa liliidhinisha mpango huo Novemba 16, 2023.

Hata hivyo, Januari 26, 2024 Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba Baraza la Usalama wa Taifa halina mamlaka ya kutuma polisi nje, kwa kuwa vikosi vinavyotajwa katika kifungu cha 240 ni vya kijeshi. Alisema polisi wanaweza tu kwenda katika nchi yenye makubaliano ya kusaidiana na Kenya. Makubaliano hayo yalitiwa saini Nairobi Machi 1, 2024, na kundi la kwanza likawasili Port-au-Prince Juni 25.

Siku hiyo hiyo, waandamanaji walipoingia majengo ya Bunge, serikali ilitangaza kuwatuma wanajeshi kusaidia polisi. Wabunge waliidhinisha hatua hiyo kesho yake, pasipo vikao vya kupokea maoni. Ni Mahakama Kuu iliyoitaka serikali ieleze upeo na muda wa kazi ya wanajeshi hao.

Kilio cha Laikipia na Samburu

Mfano ulio karibu zaidi na mwananchi wa kawaida ni uchunguzi kuhusu kikosi cha mafunzo cha jeshi la Uingereza, BATUK, kilicho na makao Nanyuki. Mwaka wa 2024 Kamati ya Ulinzi iliwasikiliza wakazi wa Laikipia na Samburu. Walilalamikia mauaji, dhuluma za kimapenzi, uharibifu wa mazingira na majeraha ya mabomu yaliyoachwa malishoni.

Ripoti iliyotolewa mwishoni mwa 2025 ilieleza kwamba BATUK ilikataa kufika mbele ya kamati. Hapo mpaka wa mamlaka ya Bunge ulionekana wazi: wito una nguvu kwa Mkenya, lakini askari wa kigeni aweza kujikinga kwa ngao ya kidiplomasia. Hii ndiyo sababu mkataba unafaa kuchunguzwa neno kwa neno kabla ya kuidhinishwa. Ukishaidhinishwa, kilio cha mfugaji hakina pa kushika.

Mwananchi afanye nini?

Tangazo linapotolewa, soma kwanza tarehe ya mwisho na mahali pa kuwasilisha maoni. Maoni huandikwa kwa Karani wa Bunge, na yanaweza kuwa mafupi mradi yataje kifungu kinachopingwa au kuungwa mkono.

Kwa uteuzi wa mabalozi, sheria ya 2011 hutaka umma uarifiwe siku saba kabla ya mteule kuhojiwa. Mwenye ushahidi dhidi yake huuwasilisha kwa hati ya kiapo, uvumi haukubaliwi. Kwa mikataba, sheria ya 2012 huruhusu Bunge kuidhinisha, kuidhinisha kwa masharti au kukataa. Asiyetaka kungoja tangazo anaweza kuwasilisha ombi wakati wowote chini ya kifungu cha 119.

Katika vikao vijavyo, msomaji aangalie mambo matatu: iwapo wabunge wanaulizwa kabla ya uamuzi au baadaye, ni nani anayelipa gharama, na ni sheria ya nchi gani itakayotumika mambo yakiharibika. Mbunge asiyeuliza hayo anastahili kuulizwa na wapigakura wake.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo.