Ebola: chumba cha plastiki na imani ya watu
Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Familia ziliogopa vituo: mgonjwa anaingia nyuma ya ukuta, jamaa hawamwoni tena. Mwaka ule ule shirika ALIMA lilileta Beni chumba kiitwacho CUBE, chenye kuta za plastiki zinazoonyesha ndani. Jamaa wakamwona mgonjwa wao na kuongea naye. Lakini mwezi wa Disemba, uchaguzi ulipoahirishwa Beni na Butembo kwa sababu ya Ebola, waandamanaji walivamia kituo mjini Beni. Hasira ilitoka nje ya hospitali. Agosti 2019 ugonjwa ukafika Mwenga, hapa Kivu ya Kusini. Wakaaji wa Cimpunda na waliokimbia vita wakumbuke: chombo kipya hupokelewa pale anayekileta anapoaminiwa.