Riwaya ya Nani?

Nilimpa kijana wa duka la simu kadi yangu ya memori, nikamwomba aniwekee wimbo wa "Beledweyne". Akaniuliza, "Ipi, mwalimu?"

Nikamwambia wimbo ni mmoja tu. Akacheka, akanigeuzia kioo cha kompyuta. Jina lilelile lilikuwa limejipanga mara tano ndani ya faili aliloliita Qaraami: moja limefuatwa na Samatar, jingine kaban, jingine cajalad, jingine aroos, na la mwisho lina namba 2 basi. Nikalipa, nikachukua zote, nikarudi nyumbani na swali lake kichwani. Ipi? Ipi nini? Toleo lipi? Nakala ipi? Rekodi ipi? Nafundisha Kiswahili hapa Garissa, na nilikosa jina la kuweka mbele ya neno dogo kama hilo.

Wimbo wenyewe hauhitaji kutambulishwa hapa. Maneno ni ya Hadraawi, malenga aliyefariki mwaka 2022, na sauti inayojulikana zaidi ni ya Hasan Adan Samatar. Ni habari ya mapenzi yaliyompata mtu katika mji ulio kando ya mto Shabelle, na anayeusikiliza kando ya Tana, hapa kwetu, haoni shida kuuhamishia kwake.

Nilizisikiliza zote usiku mmoja. Ile ya cajalad, yaani kaseti, inaanza kwa mchakacho wa mkanda, kisha mtu asiyejulikana anakohoa. Katikati mkanda umelegea na sauti ya Samatar inazama kama ya mtu anayesinzia, halafu inazinduka. Ile ya kaban, ala tunayoiita udi au gambusi, inaanza na nyuzi peke yake. Mwimbaji anangoja, na anapoingia kila neno linapewa nafasi ya kukaa. Ile ya aroos ni ya harusini: kinanda cha umeme, ngoma za mashine, mwendo wa kukimbia. Huzuni ya malenga imevalishwa nguo za sherehe, na watu wanapiga makofi.

Nikaanza kupima maneno yangu. Toleo ni neno la mpiga chapa. Lina namba na mwaka, na la pili huja kusahihisha la kwanza. Sasa mpiga kaban amemsahihisha nani? Nakala humtambua bwana mmoja aitwaye asili, na yenyewe hubaki mtumwa wake. Kaseti yangu ni nakala kweli, lakini wimbo wa harusini haukunakili chochote. Rekodi ni habari ya mashine, tena siku hizi tumewaachia wanariadha. Marudio ni ya mtihani.

Wasomali wenyewe wana utaratibu mzuri. Wimbo unapotajwa, hutajwa wenyewe watatu: mwenye midho, mwenye laxan, mwenye cod. Laxan ni lahani na cod ni sauti. Midho ni maneno ya wimbo, lakini kwa maana ya kila siku ni matunda. Kwa hiyo mmoja huzaa matunda, wa pili huyapa lahani, wa tatu huyatolea sauti. Swali la kijana lilikuwa juu ya huyo wa tatu, na pengine wa pili. Juu ya wa kwanza hakuna anayeuliza "ipi". Kisomali kilipata hati rasmi ya Kilatini mwaka 1972 tu. Kabla ya hapo mashairi yalikaa vifuani mwa mahafidhi, na desturi ilimbana mghani amtaje mtunzi na asimharibie maneno. Matunda yalihifadhiwa. Sauti ilikuwa huru kusafiri.

Na jina la lile faili? Redio zetu nyimbo za namna hiyo huziita zilipendwa. Ni neno tamu, lakini sarufi yake ina ukatili: zilipendwa, basi leo je? Qaraami haina wakati uliopita. Mzizi wake ni gharam ya Kiarabu, mapenzi yanayomganda mtu asibanduke, na kutoka mzizi huohuo sisi tumepata gharama. Mwarabu mmoja, wateja wawili: Msomali akachukua mahaba, Mswahili akachukua bili. Mtangulizi wa qaraami naye ni balwo, nyimbo fupi za mapenzi zilizoanzishwa miaka ya 1940 na dereva wa lori, Abdi Sinimo. Balwo ni ndugu wa balaa yetu. Masheikh wa wakati ule walizikemea kwelikweli, na jina lenyewe liliwapa ushahidi.

Waliozibeba nyimbo hizo ni wasafiri. Abdullahi Qarshe, anayeitwa baba wa muziki wa Kisomali wa kisasa, alizaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka 1924, akakulia Aden. Ahmed Ismail Hussein, maarufu kama Hudeydi, mfalme wa kaban, alizaliwa Berbera na kufia London mwaka 2020. Mwaka 1988 Hargeisa ilipopigwa mabomu, kanda za redio zilitoroshwa na nyingine kufukiwa ardhini zisiangamie. Kilichotufikia kimepita mikononi mwa watu.

Hapo ndipo neno lilinijia: riwaya. Tumezoea kuliona kwenye jalada la kitabu cha kidato, lakini riwaya ilikuwa mapokeo kabla ya kuwa hadithi ndefu. Rawi alikuwa mtu aliyebeba mashairi ya mwingine na kuyafikisha. Na kabla yake, rawiya kwa Waarabu wa jangwani alikuwa ngamia wa kubebea maji.

Mtu wa Garissa hahitaji kuchorewa picha hiyo. Asubuhi mikokoteni ya punda hupanda kutoka mtoni na mitungi ya plastiki ya njano, inamwagika kidogo kila kwenye shimo. Maji ni ya Tana, hakuna anayebisha. Anayenunua huuliza ni ya nani: nani ameteka mbali na tope, nani mtungi wake ulikuwa wa mafuta. Maji ni yaleyale, na ladha hutofautiana kwa mbebaji.

Wiki iliyofuata nilirudi dukani kutafuta wimbo mwingine. Nikasema, "Niwekee riwaya ya kaban."

"Riwaya? Hiyo si ya shule, mwalimu?"

"Si mlisoma duksi? Hamkusikia Kurani ikisomwa kwa riwaya ya Hafs?"

Akashika kidevu. "Astaghfirullah, usilinganishe."

"Silinganishi. Naazima neno tu."

Akaingiza kadi, akaanza kuvuta orodha. Nyuma yangu mama mmoja alikuwa ameshika simu yake tayari, akamwita, "Walaal, na mimi niwekee wimbo wa Magool."

Kijana akainua macho kwangu kabla ya kumjibu. "Riwaya gani, eddo?"